Bomba Litabeba

Kama kuna mtu aliyejua kugawa kisichotosha, basi ni yeye. Kule idara ya maji walimwita Bwana Zamu, na mtaani wakalidaka jina hilohilo, mpaka hata mkewe akimkasirikia humwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga maji ya mji. Si maji ya koki ya jikoni kwako, hapana. Ni yale yanayopita chini ya barabara, kwenye bomba kuu linalotoka kwenye tangi la kilimani. Kila njia panda pana mfuniko wa chuma, chini ya mfuniko pana chemba, na ndani ya chemba mna valvu. Bwana Zamu huung'oa mfuniko, hushusha ufunguo wake mrefu wa chuma, huzungusha, na mtaa mzima hupata maji. Akizungusha upande wa pili, mtaa mzima hushika ndoo na kumtukana.

Matusi hayakumwumiza. Ukitaka kupendwa na kila mtu, alizoea kusema, tafuta kazi ya kugawa pipi. Yeye aliamini, na hapa nisikilizeni vizuri maana ndipo alipoponzeka, kwamba hakuna upungufu wa maji usiotibika kwa zamu. Hawa wapate asubuhi, wale mchana, huku kaza kidogo, kule legeza. Miaka nenda miaka rudi alifanya hivyo na mji haukufa kiu. Sasa mtu akifanya jambo moja muda mrefu bila kuumbuka, kichwa huvimba. Chake kilivimba taratibu, wala mwenyewe hakujua.

Ndipo baraza la mji likapima viwanja vipya. Vilikuwa kwenye uwanda, katikati ya tangi na mtaa wa zamani, maana yake bomba likitoka kwenye tangi linapita kwanza kwa wageni kabla halijafika kwa wenyeji. Kila aliyenunua kiwanja alitoa, juu ya bei yenyewe, mchango wa miundombinu. Wazo lilikuwa kwamba wageni ndio wanaoleta mahitaji mapya, basi wageni walipie barabara yao, mitaro yao na bomba lao kubwa zaidi. Wenyeji walishalipia la kwao zamani. Ukilisikia unasema hii ndiyo haki yenyewe. Tatizo ni kwamba michango ya awamu ya kwanza ilitosha kitu kimoja tu kikubwa, ama lami ama bomba, na ikabidi kamati ikae kuchagua.

Walikaa kwenye chumba cha ramani, kwenye ile meza ndefu yenye kioo juu, feni ikigugumiza kama inataka kuchangia mada. Mkuu wa viwanja, mama mmoja mcheshi asiyeishiwa maneno, ndiye aliyefungua.

"Lami inauza," alisema. "Mteja anakuja Jumapili na mkewe, viatu vyeupe. Akikuta vumbi anarudi alikotoka. Akikuta lami anauliza pa kulipia ni wapi. Bomba nalo utamwonyesha nini? Limezikwa."

Watu wakacheka. Akaendelea kwamba lami ikiwekwa kwanza, viwanja vya awamu ya pili vitagombaniwa, na michango ya hao wa pili ndiyo itakayochimbia bomba. Hesabu ilikaa vizuri. Ni mhandisi wa barabara tu, kijana mpole anayeongea kama anaomba radhi, aliyeinua mkono.

"Mimi lami nitaiweka, sina neno," alisema. "Ninachouliza ni maji. Bomba la zamani litabeba nyumba zote hizi mpaka awamu ya pili iuzwe?"

Macho yote yakamgeukia Bwana Zamu.

Jamani, alijua. Alilijua bomba lile kama mtu anavyojua kifua cha mzazi wake mwenye pumu. Alijua linavyohema kiangazi, alijua mwisho wake kule mtaa wa zamani maji hutoka kwa kuhurumiwa. Ila naye alikuwa na kiwanja pale, kwa mkopo wa chama cha wafanyakazi. Miaka yote alikuwa mpangaji wa vyumba viwili vya uani, choo cha kushirikiana na watu asiowapenda, na mkewe alikwisha kuchagua pazia kabla msingi haujachimbwa. Bomba likitangulia, lami ingechelewa, taa zingechelewa, na yeye angeendelea kupanga foleni chooni na taulo begani. Na kile kichwa kilichovimba kikamnong'oneza kwamba, hata hivyo, si utapanga zamu?

"Litabeba," akasema.

"Una uhakika, mzee?"

"Kijana, mimi nimeanza kulizungusha bomba hilo wewe ukisoma chekechea."

Wakacheka tena, mhandisi naye akacheka kwa adabu, na lami ikapita. Walipotoka, mkuu wa viwanja alimpiga begani na kumwambia kwamba wangekuwa na wataalamu wa aina yake idara zote, mji ungekuwa mbali. Bwana Zamu alirudi kazini akitembea kifua mbele.

Lami ikawekwa, na ilikuwa nzuri, tusiseme uongo. Nyumba zikaota. Lakini mchango ulitozwa kwa kiwanja, wala hakuna aliyeuliza juu ya kiwanja kutasimama nini. Mtu aliyelipa mchango wa nyumba moja akajenga ghorofa la kupangisha, na palipotazamiwa jiko moja pakawa na majiko kila upande. Maji yakanywewa pale uwandani kabla hayajapumua. Bwana Zamu angeweza kuwafungia kwa zamu kama anavyowafungia wengine, na alijaribu. Bosi wake akamwita siku hiyohiyo. Valvu ya viwanja vipya isiguswe, akaambiwa, hasa Jumapili, kwa sababu wateja wa awamu ya pili wanapokuja kutazama, jambo la kwanza hufungua koki. Kwa hiyo zamu zote zikawaangukia wale wa mwisho wa bomba.

Na mwisho wa bomba aliishi dada yake.

Huyu alikuwa dada mkubwa, tumbo moja, na ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Bwana Zamu alikuwa hata kufunga kamba za viatu hajui, na dada akaacha shule akashika karai. Alifua nguo za watu. Kwa nguo hizo mdogo wake alikula, akavaa, akasoma ufundi, akaajiriwa idara ya maji. Hata sasa, kichwa cha Bwana Zamu kikiwa kimeanza mvi, alimwita "mdogo wangu" popote pale, na wenzake kazini walikuwa wakimtania kwa jina hilo wakitaka kumkopa.

Ua wake ulikuwa kamba tupu. Kamba kutoka kwenye paa hadi kwenye ukuta, kutoka kwenye ukuta hadi kwenye nguzo, na chini yake makarai makubwa ya bati yaliyopangwa kwa kazi: la kulowekea, la kufulia, la kusuuzia, na la kusuuzia mara ya pili, maana yeye alikuwa na msimamo kwamba nguo iliyosuuzwa mara moja ni nguo iliyodanganywa. Wateja wa mtaani walimpa za kununulia chumvi. Kilichomweka mjini kilikuwa mashuka ya nyumba ya wageni iliyo karibu na kituo cha mabasi. Kila Jumatatu marobota meupe yalikuja, kila Jumanne yalirudi yamepigwa pasi. Kodi ya chumba ilikuwa mle, dawa za magoti zilikuwa mle.

"Hilo bomba jipya linakuja lini, mdogo wangu?" alimwuliza siku moja Bwana Zamu alipopita kumsalimu.

"Linakuja, dada."

"Nimeuliza lini. Kwamba linakuja hata mimi najua."

"Wanangojea awamu ya pili iuzwe."

"Hao wakubwa wenu walizila zile hela, si ndiyo?"

"Hazikuliwa, dada. Zilijenga barabara."

"Barabara," dada akarudia, akitikisa povu mkononi. "Kwa hiyo mimi nifulie lami."

Bwana Zamu alicheka, kicheko kikamgeuka chungu kabla hakijafika mwisho. Kuanzia siku hiyo akawa hawezi kupita mtaa ule bila kuona ndoo. Ndoo zilipangwa kwenye bomba la kona tangu alfajiri, nyingine na mawe juu kuonyesha kwamba mwenyewe yupo, kaenda tu kumwogesha mtoto. Watu walimsalimu. Hilo ndilo lililomkata maini, kwamba walimsalimu vizuri, wakiamini naye anateseka na wakubwa kama wao. Yeye aliitikia, akainama kwenye chemba yake, akafunga.

Nyumbani kwake, kwenye viwanja vipya alikokwisha kujenga na kuhamia, maji yalitoka saa zote. Mkewe alikuwa na mazoea ya kuacha koki ikitiririka akiosha vyombo, na Bwana Zamu alikuwa akinyanyuka sebuleni, anaingia jikoni bila neno, anaifunga.

"Umeanza ubahili?" mkewe aliuliza.

"Yanamwagika."

"Si maji tu."

Akarudi kukaa.

Mambo yakaharibika mwenye nyumba ya wageni aliporudisha robota zima. Mashuka yalinuka sabuni. Dada alikuwa ameyasuuza kwa maji ya kuokoteza, maji mamoja kwa mashuka yote, na yeye mwenyewe alijua hayakutakata. Mwenye nyumba ya wageni hakugomba. Alisema tu kwamba yakirudi hivyo tena atatafuta mtu mwingine, na kwamba viwanja vipya kuna mtu amefungua mashine za kufulia. Dada alimsimulia mdogo wake kwa sauti ya kawaida, akitazama pembeni.

"Nipe asubuhi moja nzima ya Jumatatu," alisema. "Sikuombi jingine. Hayo mashuka yakiondoka, mimi kwa umri huu nani atanipa karai?"

Hakuwahi kumwomba kitu. Tangu walipokuwa wadogo yeye ndiye aliyekuwa akitoa. Jumatatu iliyofuata Bwana Zamu akapiga moyo konde, akaenda uwandani kukicha, akawafungia wote wa viwanja vipya, nyumba yake ikiwemo, na maji yakashuka mtaa wa zamani kwa kishindo mpaka mabomba yakakohoa.

Alipofika uani kwa dada yake makarai yote yalikuwa yamejaa pomoni. Dada alikuwa na sura ambayo hakuiona siku nyingi. Alimtupia ncha ya shuka, kama zamani, naye akaishika, wakarudi nyuma kila mtu upande wake wakalikamua, huyu akizungusha kulia na yule kushoto. Maji yakadondoka kati yao. Shuka lilikuwa jeupe kweli.

"Unajua, mdogo wangu," dada alisema akihema, "watu huniuliza kama sijuti kuacha shule. Mimi huwaambia, mdogo wangu ndiye anayewafungulia maji. Sijuti hata karai moja."

Bwana Zamu akaacha kukamua. Akasema, "Dada, kuna jambo nataka nikwambie. Kuhusu lile bomba. Siku ile kwenye kamati..."

"Kamua. Shuka halijikamui."

"Nisikilize kwanza."

"Nitakusikiliza maji yakiisha. Leo yapo, acha tufue."

Akakamua. Bado angeweza kulisema jambo lake mbele ya makarai yale, asijifiche nyuma ya shuka. Hata hivyo simu ikalia mfukoni, na mkewe akaanza bila salamu kwamba maji yamekatika, mtoto ana povu kichwani, anapiga kelele, na jirani wa ghorofani anatukana ukoo mzima wa watu wa idara ya maji. Bwana Zamu akasema ni matengenezo. Dada, aliyesikia kila neno, akacheka mpaka akakaa chini. Kilikuwa kicheko kizuri, naye akacheka pamoja naye huku akijiona mwizi.

Kabla ya saa sita bosi alikwisha kumwita. Safari hii hakuketishwa. Akiigusa tena valvu ile, aliambiwa, atamwaga unga, na umri wake wa kustaafu haujafika.

Wakati huohuo watu wa mtaa wa zamani walikuwa wamechoka kuandika malalamiko. Wakaita mkutano, wakadai waje hao waliochagua lami, na Jumamosi jioni mkuu wa viwanja, mhandisi wa barabara na Bwana Zamu wakajikuta wamekaa mbele ya darasa la shule ya msingi, na wazazi wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Dada alikuwa dawati la mbele, pembeni, miguu kainyoosha kwa sababu ya magoti. Alimtikisia kichwa mdogo wake kumtia moyo.

Mkuu wa viwanja alieleza vizuri sana. Awamu ya pili, michango, uvumilivu. Muuza mboga mmoja akauliza hiyo awamu ya pili imeuzwa kiasi gani, na mama wa watu akakiri kwamba imekwama kidogo, wateja wamesikia kuwa maji ni ya shida. Darasa likacheka kicheko kibaya. Yaani bomba linangoja wateja, na wateja wanangoja bomba.

Ndipo fundi viatu wa pale kona aliposimama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyatumia yote.

"Mimi nina swali kwa Bwana Zamu," alisema. "Huyu amehamia hukohuko. Anatufungia sisi, anajifungulia yeye. Kwa nini tumwamini?"

Minong'ono ikaanza. Kabla Bwana Zamu hajafumbua mdomo, dada yake alikuwa amesimama, ameshika dawati kwa mkono mmoja, kumkingia kifua.

"Kaa chini, fundi. Huyu nimemlea mimi, na wewe umemwona akikua. Yeye anafungua anachoamriwa. Angeulizwa yeye kuhusu hilo bomba, angewaambia halibebi, maana analijua kuliko mtu yeyote humu. Hakuulizwa. Wakubwa hawamwulizi mtu wa valvu, wanamwita tu mambo yakiharibika. Jumatatu kahatarisha kazi yake kwa ajili yetu. Msimguse mdogo wangu."

Kuna waliopiga makofi. Bwana Zamu alitazama meza.

"Samahani, mama," mhandisi wa barabara alisema. Hakusema kwa ubaya, tena alionekana anaumia kusema. "Samahani sana. Tulimwuliza. Mimi mwenyewe nilimwuliza. Alituambia litabeba."

Dada alimtazama yule kijana, kisha akamgeukia mdogo wake, na usoni hakuwa na shaka hata chembe.

"Mdogo wangu, mwambie huyu kijana asikusingizie."

Kukana kulikuwa rahisi. Mle chumba cha ramani walikuwa wachache, na mtaa huu, kati ya mhandisi wa lami na mtoto wao waliyemwona akikua, ungemwamini nani? Neno moja tu, hapana, na mkutano ungemla mhandisi mzimamzima. Dada yake angerudi nyumbani kichwa juu. Alichohitaji ni kulitamka. Akamtazama, akaona kwamba hata asipolitamka, akinyamaza tu, dada yake atamjazia. Angemwamini mpaka kaburini, na kila Jumanne mashuka yakirudi, angemtetea tena. Hilo ndilo hakuweza kulibeba.

"Hakunisingizia," akasema. "Aliniuliza. Nikasema litabeba."

"Ulikosea hesabu."

"Sikukosea, dada. Nilijua halibebi. Nilikuwa na kiwanja pale, nilitaka nyumba."

Hakuna aliyepiga kelele. Angefurahi kama wangepiga. Fundi viatu, aliyemshtaki, sasa alikuwa akitazama dirishani kwa haya, kama aliyemfumania mtu akioga. Dada alibaki amesimama kidogo. Kisha akajishusha kwenye dawati polepole, goti moja, la pili. Mkutano ukaendelea, watu wakabishana kama mchango utozwe kwa jiko badala ya kiwanja na kama wenye maghorofa waongezewe, mambo ya maana kabisa, na Bwana Zamu hakuyasikia. Walipotawanyika alimtafuta. Alikuwa ameondoka na muuza mboga.

Usiku alimweleza mkewe yote. Mkewe hakumlaumu, na hilo halikumsaidia kitu. Alisema tu kwamba yale mapazia yeye ndiye aliyeyashupalia, akaenda kuyatazama kama ndiyo kwanza anayaona. Jumapili nzima Bwana Zamu hakula cha maana. Aliapa kwamba Jumatatu angefunga viwanja vipya, wamfukuze wakipenda, mashuka yafuliwe.

Jumatatu asubuhi alikuwa anavaa buti barazani, ufunguo wake umeegemea ukutani, alipomwona dada yake anakuja kwenye lami na robota kichwani. Lilikuwa kubwa kuliko yeye. Alikuwa amepanda kutoka mtaa wa zamani hadi pale kwa magoti yale. Bwana Zamu akaruka kwenda kumpokea, lakini dada akapinda pembeni, akalitua mwenyewe kwenye sakafu ya uani, karibu na koki.

"Hodi, wifi," aliita.

Mke akatoka, kope za macho bado zina usingizi, akaduwaa. "Karibu, wifi. Kulikoni mapema hivi?"

"Nimekuja kufua. Si huku ndiko yaliko maji?"

"Dada," Bwana Zamu akasema, "mimi ndiyo naenda kufunga huku. Yatafika kwako sasa hivi. Nimekata shauri."

"Usifunge," dada alisema, akifungua robota, hamtazami. "Ukifunga, utafukuzwa, na atakayekuja nafasi yako simjui. Usifunge, Bwana Zamu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Kinywani mwa watu wengine lilikuwa utani. Kwake lilitoka safi, bila hasira, kama mtu anayemtaja ofisa fulani wa idara fulani, na Bwana Zamu akakaa chini kwenye ngazi, buti moja halijafungwa.

Dada alifua asubuhi yote. Mkewe Bwana Zamu alileta mabeseni yake yote, akakunja mikono, wakafua wote wawili, wakiongea mambo ya kifamilia, mtoto kaanza kusoma, bei ya sabuni. Dada alisuuza mara mbili, kama kawaida yake. Bwana Zamu alipojongea kushika ncha ya shuka, dada aliiweka mikononi mwa wifi yake. Kazini hakwenda. Alikaa pale akisikia maji yakitiririka kwenye mabeseni, na kila beseni lilipojaa alijua ni ndoo ngapi za watu wa kule zimebaki na mawe juu.

Walipomaliza, dada alifunga mashuka mabichi kwenye robota, akajipangusa mikono, akafungua fundo la kitambaa chake.

"Ni kiasi gani, wifi?"

"Kiasi gani nini?"

"Maji."

"Wifi, jamani. Maji ya ndugu yanalipiwa?"

"Haya si ya ndugu. Haya yalikuwa yanakuja kwetu, yameishia hapa." Aliziweka fedha barazani, pembeni ya buti la Bwana Zamu, akazisukuma kidogo zisianguke. "Mpe awapelekee wale wa kamati. Ni mchango wa bomba jipya. Kama hao wa awamu ya pili hawaji, nimeanza mimi."

"Dada, nakuomba," Bwana Zamu alisema. "Niadhibu vingine. Hizo zichukue."

Dada alikuwa amekwisha kuinama. Alizungusha kitambaa akafanya ngata, akaiweka kichwani, akaegemeza mikono kwenye robota. Mashuka mabichi ni mazito, hakuna mtu anayejitwisha peke yake. Bwana Zamu akasimama, akaja, akanyoosha mikono. Alikuwa karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua.

"Wifi," dada aliita kuelekea jikoni, "njoo unitwike."

Mkewe alitoka na mikono inayochuruzika. Alimtazama mumewe aliyesimama palepale, akamtazama wifi yake, halafu akapita katikati yao, wakainua, na dada akaingia barabarani na mzigo wake.